Risala ya Klabu ya Volkano kwa Mgeni wa Heshima, Goma

Mheshimiwa mgeni wa heshima, Prefe wa shule yetu, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, karibuni sana.

Ukuta ulio nyuma yako, Mheshimiwa, ni wa makoro, lava iliyopoa. Lava ya Nyiragongo, volkano iliyo jirani na mji wetu, ina silika kidogo, yaani madini yanayoifanya lava iwe nzito, kwa hiyo hutiririka kama uji mwepesi. Mwaka 1977, tarehe 17 Januari 2002 na tarehe 22 Mei 2021 haikufurika kwenye mdomo wa kreta, lile shimo la kileleni. Mlima ulipasuka ubavuni. Kwa hiyo kuangalia wekundu wa kileleni usiku hakutoshi, na mwaka 2021 watu wa Goma hawakupata onyo mapema.

Lava ikisimama, ganda lake huwa jeusi na gumu upesi, lakini ndani moto hubaki siku nyingi na gesi hutoka kwenye nyufa. Mwaka 2021 kuna waliokufa wakijaribu kuivuka. Mtu asubiri, hata kama nyumba yake iko ng'ambo.

Mazuku, yenyewe, hayangoji mlipuko. Ni kaboni dayoksaidi inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa karibu mara moja na nusu, hivyo hujaa mashimoni na mabondeni, hasa upande wa Mugunga na Bulengo, magharibi mwa Goma. Haina rangi, na pua haikuonyi. Usiku na alfajiri, upepo ukitulia, hupanda. Jua likichomoza hupungua. Mtoto au mbuzi huanguka kwanza kwa sababu pua yake iko chini. Anayekimbia kumwinua huinama, naye anaanguka. Wengine hupima kwa mshumaa: hiyo ni hatari, kwa maana moto unaweza kuendelea kuwaka mahali ambapo mtu ameshaanza kulegea. Ndege na wadudu waliokufa shimoni ni dalili ya kuaminika zaidi.

Moshi wa mlima nao huingia katika mvua tunayokinga kwenye mabati. Maji ya kwanza yamwagwe, yasiingie kwenye tangi.

Mheshimiwa, tunaomba vibao kwenye mazuku yanayojulikana, vyenye mchoro, maana watoto wadogo hawajui kusoma. Kamba ndefu kwa kila avenue, ili aliyeanguka avutwe na mtu aliyesimama juu. Na zoezi la kuhama kila muhula, kila darasa likijua njia yake na mahali wazazi watakapowakuta watoto. Kamba ndiyo tunayoiomba kwanza.

Ni sisi, wanachama wa Klabu ya Volkano.