Wito wa harambee: tuokoe ghala la michoro ya kompyuta ya Amu (Lamu) kabla ya masika

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wetu, mama zetu, na ndugu zetu mlioko Mombasa, Nairobi, Muscat, Jeddah na kwingineko,

Tunaandika kwa haya, maana si mara ya kwanza kuwabishia hodi. Mwaka juzi mlitununulia kamera, na wala hatukulazimika kuomba mara mbili. Tukajiapiza kwamba hatutarudi upesi. Sasa paa limetushinda.

Anayekijua chumba chetu, kile cha juu katika nyumba ya wakfu kule mtaa wa Mkomani, atakikumbuka kidaka, kile kishubaka cha ukutani, tulimoziweka diski za michoro yetu. Usiku mmoja wa masika yaliyopita boriti mbili zilizooza zilishuka kiasi cha kiganja, chokaa ikapasuka, maji yakafuata ukuta hadi ndani ya kidaka. Kijana wetu mmoja aliyekuwa amelala chumba cha pili alisikia mchirizi. Alivua kikoi chake, akaifunga mashine yetu ya kompyuta kifuani kama mtoto mchanga, akashuka nayo ngazi gizani. Mashine ilipona. Diski moja haikupona. Ndani yake mlikuwa na michoro ya milango ya mtaa wa Langoni tuliyoipima kwa miezi saba. Mmoja katika milango hiyo umeshang'olewa na kuuzwa, na pale ulipokuwa pana geti la chuma. Huo hatutaupiga picha tena.

Kwa msiotujua: sisi ni vijana wa kujitolea, hakuna anayelipwa. Tunavigeuza vitu vya Amu kuwa modeli za kompyuta za pande tatu, kisha tunaziweka kwenye ghala la mtandaoni ambamo mtu yeyote anazichukua bure: mwanafunzi wa usanifu, mtengeneza katuni, mwalimu, fundi seremala. Mlango mmoja wa kuchonga unataka picha mia mbili hivi. Tunaanza baada ya alfajiri, jua halijapiga, kwa sababu kivuli kikihama programu huchanganyikiwa. Kila picha lazima ichukue zaidi ya nusu ya ile iliyotangulia. Programu hutafuta alama zinazofanana, pembe ya ua, kichwa cha msumari, ufa kwenye mfaa (ule ubao wa katikati ya mlango), na kwa hizo hukadiria kamera ilisimama wapi na mbao imeingia ndani kiasi gani. Punda akipita tunangoja. Jirani akitaka kutoka tunangoja pia.

Na kuna mpaka tusiouvuka. Tunaishia dakani, pale ukumbini mlangoni. Ndani ya nyumba za watu hatuingizi kamera mpaka wenye nyumba, na hasa mama wa nyumba, waseme karibuni. Wapo waliokataa, na jambo likaishia hapo.

Wengine wametuuliza faida yake nini. Mwaka 1975, katika Chuo Kikuu cha Utah huko Marekani, mtaalamu aitwaye Martin Newell alihitaji kitu cha kujaribia michoro yake ya kompyuta. Alilichora birika la chai la nyumbani kwake, akaligeuza kuwa tarakimu, akawapa wenzake tarakimu hizo. Tangu siku hiyo birika lile limepita katika mikono ya wachoraji wa kompyuta dunia nzima, na lenyewe, la udongo, limewekwa kwenye jumba la makumbusho ya kompyuta huko California. Ni birika la kawaida la dukani. Likajulikana kwa sababu mwenyewe aligawa. Ndiyo maana modeli yetu ya kwanza ilikuwa dele la kahawa, lile la mzee wa baraza la pwani, lenye mdomo uliopinda na kishikio kilichong'aa kwa viganja vya watu.

Faida nyingine ni ukweli. Mtu wa mbali akitaka kuchora nyumba ya Mswahili bila kielelezo, atakujengea sebule pana kama ukumbi wa harusi. Nyumba zetu za mawe haziko hivyo. Boriti ya mkoko haibebi dari zito la matumbawe na chokaa kwa upana unaozidi takriban mita tatu, na kwa hiyo chumba kinakuwa chembamba na kirefu, kimoja nyuma ya kingine. Asiyejua hilo atachora uongo, na watoto wetu watauona uongo huo kwenye skrini wadhani ndio kwao. Mji Mkongwe wa Lamu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, lakini orodha haizuii mvua. Wenzetu wa Unguja waliona sehemu ya Beit al-Ajaib ikiporomoka tarehe 25 Desemba 2020, jengo la 1883, mchana watu wakiwa kazini.

Hata programu tunayotumia kuzitengeneza modeli hizi, Blender, iliokolewa kwa mchango. Mwaka 2002 kampuni iliyokuwa ikiitengeneza ilifungwa. Mwanzilishi wake, Mholanzi Ton Roosendaal, akaelewana na wenye mali kwamba wakipewa euro 100,000 wataiachia iwe ya watu wote. Watu wasiojuana, kutoka nchi mbalimbali, wakazichanga kwa majuma saba tu. Nasi tunaitumia bure hadi leo. Tukiisimulia habari hii tunaona aibu kidogo, kwa sababu neno harambee ni letu.

Sasa hesabu. Kubadilisha boriti na kupiga chokaa upya, fundi amesema 160,000. Diski nne, 68,000. Mbili zitakaa hapa ndani ya sanduku lisiloingiza hewa ya chumvi, mbili zitapelekwa Mombasa ili maji ya paa moja yasiue nakala zote. Betri na kidhibiti cha umeme, 45,000. Kodi ya seva kwa miaka miwili, 72,000. Jumla shilingi 345,000. Mpaka jana tumepokea 118,500, nyingi zikiwa za mia mia kutoka kwa mabaharia na akina mama wa vikundi vya merry-go-round. Zimebaki 226,500. Mali bila daftari hupotea bila habari: daftari liko kwa mweka hazina, kila risiti itabandikwa kwenye ubao wa chumba, na hesabu kamili itasomwa mbele ya watu siku arobaini baada ya harambee.

Tunayasema haya kwa heshima. Wako ndugu waliotuandikia usiku wa manane kutoka Ghuba wakiomba modeli ya mlango wa nyumba ya bibi yao, tukawatumia siku ya pili, wakalia kwenye simu. Hatukuwatoza senti na hatutawatoza. Ila majina yao hatujayaona daftarini, na tunajua si kwa ubaya, ni shughuli za dunia. Yako hata maduka yaliyochapisha milango yetu kwenye fulana. Leseni yetu ya Creative Commons, ile ya kugawa kazi bure, inawaruhusu, mradi wataje chanzo. Wakikumbuka kisima walichochotea, Mungu awabariki.

Kwetu hii ni sadaka inayoendelea. Fundi aliyechonga ua lile mlangoni keshalala kaburini, na kijana wa leo anajifunza kuchonga kwa kulizungusha ua hilo hilo kwenye skrini. Mwenyezi Mungu amlipe yeye, na amlipe kila aliyechangia.

Harambee ni Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa pili, baada ya sala ya laasiri, uwanjani mbele ya ngome. Walio mbali watume M-Pesa kupitia mweka hazina wetu au mjumbe wa mtaa wao, na wadai risiti. Asiye na fedha alete mfuko wa chokaa, au aje na mikono yake siku ya kupandisha boriti, au atufungulie mlango wake tuupige picha alfajiri moja. Kahawa itakuwapo, na mzee wa baraza ameahidi kuja na dele lile lile.