Njooni Amani

Shoga yangu Mwanaidi,

Salaam aleikum. Barua yako nimeipata, nimeisoma huku nacheka. Watoto wanataka mbuga, na wewe roho yako iko Raskazone, uoge bahari na kula pweza. Pweza utamla, hilo niachie mimi. Ila kwa watoto nina shauri: wapandishe Amani, kwenye ule msitu wa hifadhi juu ya milima ya Usambara Mashariki.

Najua utasema mbona si Saadani. Saadani ni kuzuri, hifadhi ya taifa tangu 2005, na tembo wapo. Lakini kule mtoto hushinda ndani ya gari, shingo nje, akisubiri simba aliyelala zake kichakani. Amani simba hakuna. Mtu anatembea kwa miguu yake, na mwongoza wageni mbele anamwonyesha mbega juu ya mti, hondohondo akipita kwa kishindo cha mbawa, na vinyonga.

Halafu kuna hili, ambalo sisi watu wa Tanga mjini hatulifikirii. Yale maji ya bomba tuliyokuwa tukigombania zamu pale Chumbageni ni ya Mto Zigi, hukingwa bwawani Mabayani. Na Zigi unatoka milima hiyo hiyo ya Usambara Mashariki. Miaka yote tunakunywa maji ya msitu ule, lakini ukiuliza nani kaukanyaga, utaona watu wanatazamana. Wazungu wanatoka kwao kuja kuuona, sisi tunaishia Muheza kununua machungwa!

Wajerumani walianzisha kituo chao cha utafiti wa kilimo pale Amani mwaka 1902, wakaleta miti ya kila pembe ya dunia, hata mkwinini wa dawa ya malaria. Mingine ingali imesimama, minene ajabu. Hifadhi yenyewe, ya mazingira asilia, ilitangazwa 1997, ya kwanza ya aina yake nchini, zaidi ya hekta 8,000. Mwambie mwanao wa kike atafute kwenye miamba yenye unyevu kiua kidogo cha zambarau. Mtawala mmoja wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alikipeleka kwao mwaka 1892, na leo kinapangwa madirishani Ulaya nzima.

Vipepeo nao wapo. Wanavijiji walikuwa wakiwafuga na kuwauza nje wakiwa bado buu ndani ya ganda, hadi 2016 serikali ilipozuia kusafirisha wanyamapori hai. Biashara ikafa. Mimi naona wale wa kufugwa wangetazamwa kivyao, lakini nani ataniuliza mimi?

Mapango ya Amboni tutakwenda jioni moja tu, ni hapo hapo nje ya mji. Mtaambiwa kuna shimo linalotokea Mombasa. Itikieni tu.

Basi, msije masika, ile njia ya kupanda kutoka Muheza ina kona na utelezi wake. Beba masweta, usiku kuna baridi, na viatu vya kufunga; ndala ziache kwangu. Kitambulisho pia, maana kiingilio cha Mtanzania si sawa na cha mgeni. Nitajie tarehe mapema nimwahi dereva, maana likizo zikifika huwa hapatikani.

Wasalimie wote. Na mumeo mwambie aje, asisingizie kazi.

Shoga yako,
Mama Zuhura
Tanga