Si Chumvi, Shoga Yangu

Ngamiani, Tanga
Jumapili, 9 Februari 2025

Shoga yangu Mwanakombo,

Salamu zako zimefika, na ile sauti yako ya dakika nne nimeisikiliza mara tatu. Nimeona nisikujibu kwa simu. Kwenye simu utanikatiza, utacheka, kisha utahamia mambo ya vitenge. Barua huwezi kuikatiza, na ukishamaliza mpe na shemeji asome.

Kwanza hongera. Wiki ya kumi ya mimba! Mama nilipomwambia alipiga kigelegele peke yake jikoni, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Na presha je?" Kumbe ndilo swali lako na wewe.

Unasema wifi yako kashikilia kwamba mimba ya binti yako Salma iliharibiwa na ng'onda, samaki wa chumvi, uliokuwa ukila, na tena kwamba damu yako "si nzuri". Mwanakombo, mimi ndiye niliyeupima mkojo wako siku ile, kwa hiyo nina haki ya kusema: si chumvi.

Unaikumbuka? Ulikuja kwa arusi ya mdogo wangu, wiki ya 32, pete imegoma kutoka kidoleni tukaitoa kwa uzi na mafuta ya nazi. Ulisema kichwa kinakugonga tangu jana na unaona vimulimuli. Nikakukokota mpaka maabara. Kile kijikaratasi cha kupimia protini kwenye mkojo kiligeuka kutoka njano hadi kijani kilichoiva kabla sijafika kuhesabu sitini. Sikutaka kuamini. Nikatia mkojo kwenye tyubu, nikauchemsha kama tulivyofundishwa zamani, ukaganda mweupe kama ute wa yai. Presha 170 kwa 110. Na ulikuwa umehudhuria kliniki mara tatu huko ulikotoka bila kufungwa mkanda wa presha hata mara moja, eti mashine mbovu. Hilo linaniuma kuliko ng'onda wote wa pwani hii.

Basi nikwambie kilichotokea, kadiri kinavyojulikana. Kinaitwa priklampsia, na kikiachwa ndicho huzaa kifafa cha mimba. Huonekana baada ya wiki ya 20, lakini mizizi yake huwa imeshaota zamani, wakati hata hujanunua dira la mimba. Chimbuko lake ni kondo la nyuma. Seli za kondo zinatakiwa kuchimba ndani ya ukuta wa mji wa mimba, zifike kwenye mishipa yako midogo iliyojisokota kama parafujo, ziipanue ili damu ya mtoto ipite kwa ulaini. Kwa wengi wanaopata priklampsia ya mapema kama yako, kazi hiyo huishia njiani. Mishipa inabaki myembamba, oksijeni inapungua, na kondo likianza kuhangaika linamwaga ndani ya damu ya mama protini iitwayo sFlt-1. Mwaka 2003 kundi la daktari Ananth Karumanchi kule Boston lilionyesha kwamba panya wenye mimba wakipewa protini hiyo hupanda presha na kumwaga protini kwenye mkojo. Protini ya kwenye mkojo ndiyo niliyoiona kwenye tyubu yangu.

Sasa kuna kitu kipya nataka ukijue, maana ndicho kinachonifanya nilale saa saba za usiku nikisoma. Tulipokuwa shule tulifundishwa kwamba RNA ni tarishi tu: inanakili ukurasa kutoka kwenye DNA, kile kitabu cha maagizo kilichomo ndani ya seli, inaupeleka mahali protini zinapotengenezwa, basi. Kumbe sehemu ya DNA yenye maagizo ya kutengeneza protini haifiki hata asilimia 2. Sehemu kubwa ya hiyo nyingine nayo hunakiliwa kuwa RNA, ila RNA hizo hazitengenezi protini yoyote. Kwa muda mrefu wengi walizidharau.

Chukua jiko la arusi ya kwetu. Wapo wanaokoroga sufuria, na yupo shangazi amekaa kwenye kibao, mkono wake haugusi mwiko. Kazi yake kusema tu: ondoa kuni, moto umezidi, wewe, hiyo nazi usitie sasa. Asipokuwepo, pilau inaungua. Akizidisha amri, pilau haiivi. Ndizo hizo RNA. Fupi kabisa zinaitwa mikroRNA, zina herufi kama 22 tu. Zinakwenda kushikamana na nakala ya agizo fulani, na agizo hilo linanyamazishwa au linakatwakatwa. Ndefu zina herufi zaidi ya 200, na nyingine zimejifunga duara kama kikuku. Wa kwanza kuiona mikroRNA walikuwa Victor Ambros na Gary Ruvkun, mwaka 1993, ndani ya mnyoo wa milimita 1. Watu wakasema hayo ni mambo ya minyoo. Oktoba iliyopita wakapewa Tuzo ya Nobel.

Kondo la nyuma limejaa mashangazi hao. Mmoja anaitwa miR-210, anayeongezeka seli zikikosa oksijeni. Kwenye makondo ya wanawake wenye priklampsia amekutwa juu mara nyingi, tena huko maabara akizidi huzizuia seli za kondo zisichimbe. Umeona mtego? Mishipa haikupanuka, oksijeni ikapungua, miR-210 akapanda, naye akazifunga miguu seli ambazo zingepanua mishipa. Wataalamu bado wanabishana kama yeye ndiye moto au ni moshi. Mimi nadhani ni vyote viwili, lakini usinishike kwa hilo, mimi ni mtu wa maabara ya mkojo na damu.

Na hili mpelekee wifi yako pamoja na chai. DNA imegawanyika mafungu yaitwayo kromosomu, na kila fungu mtoto hupewa nakala mbili, ya baba na ya mama. Kwenye kromosomu ya 19 kuna kundi kubwa la mikroRNA linaloitwa C19MC, ambalo kwa wingi linafanya kazi kwenye kondo. Linasomwa kutoka kwenye nakala ya baba peke yake; ya mama imefungwa. Iko RNA nyingine, ndefu, inaitwa H19: hiyo inasomwa nakala ya mama, ya baba imefungwa. Maana yake kondo ni la watu wawili. Sisemi kaka yake ndiye aliyekupandisha presha. Nasema tu kwamba anayetaka kutafuta damu mbaya aanze kwa kuhesabu damu zote zilizomo.

Kondo hudondosha vifuko vidogo mno ndani ya damu ya mama, na ndani yake zimo mikroRNA hizo. Kwa hiyo kwenye damu unayotolewa mkononi zimo habari za kondo, wiki nyingi kabla presha haijapanda. Tamaa ya watafiti ni kuzisoma mapema. Tatizo ni kwamba orodha hazifanani: maabara hii inataja hizi, ile inataja zile, wengine wamepima wiki ya 12, wengine siku ya kujifungua. Kwa hiyo usiende kliniki ukadai kipimo cha mikroRNA, watakushangaa. Kilichonisisimua zaidi kilichapishwa mwaka 2018: nyani waliosababishiwa hali kama priklampsia walidungwa sindano moja ya RNA fupi iliyotengenezwa kwa mkono wa binadamu, yenye kazi ya kunyamazisha agizo la sFlt-1, na dalili zikapungua. Ni nyani, si sisi. Lakini fikiria, siku ile sisi tulikuwa na sindano ya magnesiamu tu, ile uliyolia kwamba inakuunguza mwili mzima, na baada yake njia iliyobaki ni kulitoa kondo lenyewe, na Salma atoke na kilo yake moja na nusu. Bibi yako akalizika kondo chini ya mnazi, akalisomea dua. Nilitamani kumwambia anafukia maktaba.

Haya, sasa yako. Aliyewahi kuipata ana nafasi kubwa ya kuipata tena, sitakuficha. Ila safari hii tuko mapema, na mapema ndiyo dawa. Vidonge vidogo vya aspirini vikianzwa kabla ya wiki ya 16 husaidia. Kuna utafiti uliotoka mwaka 2017, wanawake 1,776 walio hatarini: waliokunywa miligramu 150 kila usiku, 13 walipata priklampsia kabla ya wiki ya 37, waliokunywa kidonge kitupu, 35. Usijinunulie dukani. Mwambie daktari, "Mimba ya kwanza nilipata priklampsia, nikajifungua wiki ya 32," kwa maneno hayo hayo, na umwulize aspirini na kalsiamu. Asipokusikiliza, nipigie ukiwa bado mlangoni pake. Nataka uwe umeshakwenda kabla Ramadhani haijaandama, na suala la kufunga umwulize yeye huyo huyo, si wifi.

Kwenye mfuko huu aliokuletea kondakta kuna kashata za mama (za Salma ni zile nyekundu) na mashine ya presha. Betri nne ziko kwenye soksi. Kaa kitako dakika tano kwanza, mgongo umeegemea, miguu chini, usiikunje. Mkanda uufunge kwenye mkono mtupu, si juu ya dira, na mkono uulaze mezani usawa wa moyo. Usiongee, najua itakuwa kazi. Asubuhi na jioni, andika kwenye daftari tarehe na namba zote mbili. Ikifika 140 kwa 90, pima tena baada ya robo saa. Ikibaki hapo, nenda siku hiyo hiyo. Kichwa kikigonga, vimulimuli vikirudi, au ukisikia maumivu chini ya mbavu za kulia, usipime, nenda.

Namba za kesho asubuhi nitumie kwa meseji.

Wako,
Zuhura