Kwa Mama, Wete

Mama yangu mpenzi,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Sisi huku Toronto, Kanada, wazima, baridi tumeizoea. Allah akusahilishie eda yako. Pesa za hitma ya arubaini nimemtumia Ami, naomba nyama isipungue.

Mama, maneno ya Kaka yamenifika. Kasema barazani, mbele ya wazee, kwamba mwenye nia ya kumzika babake angefika, ndege siku hizi ni kulala na kuamka. Yameniuma mno. Naomba Ami amsomee barua hii.

Simu ya msiba iliingia saa kumi za usiku. Kwenu ilikuwa saa sita mchana, maana majira ya baridi mmetutangulia saa nane. Baba kasaliwa alasiri, na alasiri ya Wete huku ni asubuhi, saa mbili hazijagonga. Mnamfukia, mimi niko kitandani na simu mkononi natafuta tiketi.

Toronto mpaka Unguja, ukipiga mstari mmoja tu, ni kama kilomita 12,700, na ndege ya moja kwa moja hakuna. Unaruka kama saa kumi na tatu mpaka Addis Ababa, unasubiri uwanjani, halafu saa tatu hivi nyengine mpaka Unguja. Hapo ndipo sisi Wapemba safari inapotuanza: upate kiti kwenye ndege ndogo ya Chake, au ungoje boti ya Mkoani, kisha gari mpaka Wete. Kurudi ndiyo zaidi, upepo wa juu unatoka magharibi na ndege inakwenda ikiukabili. Maiti haisubiri yote hayo, wala nisingeridhia Baba acheleweshwe kwa ajili yangu. Kaka anapima kwa safari ya Unguja. Ya dawa na ya paa siyataji, anayajua mwenyewe.

Na mwambieni pia kwamba mtihani wa uuguzi nimefaulu! Niko wodini na sare yangu, kifuani jina langu na la Baba. Wazungu wanalisoma kila siku, na wakilikosea nawasahihisha mpaka walitamke sawasawa. Mjukuu wako naye kahifadhi juzuu Amma yote, alhamdulillahi.

Juzi dukani nimeona karafuu, zimetiwa kwenye kichupa kidogo, bei yake usiulize. Nimenunua. Nilipokifungua jikoni ikanijia harufu ya majamvi yetu uani, na Baba anatuhimiza tuanue, mvua inakuja. Chai yangu ikapoa sijainywa.

Mfungo Sita, inshallah, nitakuwa kwenu. Kaka anipokee Chake yeye mwenyewe, tufululize makaburini pamoja. Na ile mikarafuu ya mpakani asiiuze mpaka tukae, mimi na yeye na Ami. Bi Mdogo anitumie kipimo cha miguu yako nikuletee viatu.

Wassalamu,
Mwanao