Mkono ukivimba baada ya upasuaji, mgonjwa amuulize nani?

Mhariri,

Kila Oktoba, mwezi wa kansa ya matiti, tunavaa tisheti za pinki, tunatembea barabarani, tunaambiwa tujikague matiti na tuende kupimwa mapema, na hiyo ni sawa kabisa, sipingi. Lakini mama ambaye tayari amekatwa titi na kumaliza kemo, akaambiwa sasa enda nyumbani, huyo shida zake anampelekea nani?

Chukua mkono tu. Daktari akitoa titi mara nyingi anatoa pia tezi za kwapani, na zikishatoka yale maji ya mwili yaliyokuwa yanapitia hapo yanakosa njia, yanajaa mkononi. Inaweza kuanza baada ya miezi ama hata miaka. Dadangu anauza mitumba hapa Kibuye, alianza kuona pete haitoki, halafu blauzi ikawa inambana mkono mmoja tu, akadhani ni kazi nyingi. Jirani mmoja akasema amerogwa, mwingine akasema kansa imerudi, basi usingizi ukaisha. Siku anatoka wadi hakuna mtu alimwambia kitu kama hicho kipo! Mpaka alipoonwa na mtu wa fizio ndio akafunzwa mazoezi ya bega na namna ya kupapasa ngozi taratibu, akapewa na ile soksi ya kubana mkono. Haijaisha, lakini imepungua na beli anafungua mwenyewe. Kuna akina mama wanaambiwa wasisongeze huo mkono hata kidogo mpaka bega linakauka, jamani, mazoezi mepesi ndiyo yanasaidia. Ila mkono ukiwa mwekundu, unachoma na una homa, usingoje kesho, kimbia hospitali.

Halafu kuna tamoksifeni. Wengi wanaimeza miaka 5, wengine mpaka 10, na inaleta joto la ghafla, usiku mtu anaamka shuka limelowa jasho, kwa hivyo wengine wanaacha kimya kimya na hawamwambii daktari, na hiyo dawa ndiyo inazuia kansa kurudi. Angeuliza angesaidiwa. Na asijinunulie tu dawa za kutuliza mawazo kwa duka la dawa, kuna zingine kama paroksetini zinapunguza nguvu ya tamoksifeni.

Hata sidiria ni matibabu, msicheke. Dadangu alikuwa anajaza vitambaa, sasa vitambaa ni vyepesi, akiinua mkono kutundika nguo upande huo unapanda mpaka karibu na shingo na wateja wanatazama, ikafika mahali akawa anamtuma kijana atundike yeye akae chini. Kuna matiti ya kufumwa kwa uzi wa pamba, laini, fundi yeyote wa sweta anaweza kufunzwa. Kwa nini hayapo kila kliniki?

Na neno hospisi, yaani huduma ya kutuliza maumivu na kumfariji mgonjwa, lisitutishe. Watu wengi wanafikiri ukipelekwa hospisi umepelekwa kufa, lakini Shirika la Afya Duniani linasema huduma hii ianze mapema, sambamba na kemo na tiba ya mionzi. Mofini ya maji ya kunywa inatuliza maumivu makali, na ikipimwa vizuri na daktari si eti mtu atageuka mlevi wa dawa, kinachosumbua zaidi ni kufunga choo na hiyo pia ina dawa yake. Kuna mama analala akiuma meno usiku kucha kwa sababu tu familia imeogopa hiyo chupa.

Ombi langu kwa idara za afya za kaunti zetu, Kisumu, Siaya, Kakamega na kwingine, ni hili: mgonjwa wa titi asitoke wadi kabla hajaonwa na mtu wa fizio, na apewe karatasi yenye picha za mazoezi, kwa Kiswahili na lugha ya nyumbani, pamoja na namba ya simu ambayo nesi ataishika. Tena mume ama dada anayemhudumia aitwe ndani asikie, asiachwe kwa benchi nje akishika mkoba.

Msomaji wenu,
Kondele, Kisumu