Treni ya dizeli haikuzaliwa General Motors

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili kuhusu reli ilinifurahisha mpaka nilipofika pale mliposema General Motors, kampuni ya magari ya Marekani, ndiyo “iliyogundua” treni ya dizeli. Kikombe cha chai nikakiweka chini. General Motors iliinunua kazi ya watu wengine, tena ikiwa na miaka minane.

Mwenye kazi ni Harold Hamilton, aliyewahi kuwa mtu wa reli kabla hajaingia kwenye biashara ya malori. Mwaka 1922 alianzisha kampuni ya Electro-Motive mjini Cleveland, Marekani. Kinachonichekesha hadi leo ni kwamba kampuni hiyo ya treni haikuwa na karakana! Bodi iliundwa na St. Louis Car Company, injini zilitoka kwa Winton wa palepale Cleveland, vifaa vya umeme vikatoka General Electric. Hamilton na wenzake walisanifu, wakatafuta wateja, wakahakikisha gari linatembea. Hadi 1930 walikuwa wameuza mamia ya mabehewa yanayojiendesha, kwa njia ndogo ambako kuwasha garimoshi zima kwa abiria wachache ilikuwa hasara tupu.

Sisi tuliokula chumvi nyingi kwenye umeme wa treni tunajua kuwa injini yenyewe haigusi gurudumu. Inazungusha jenereta, na umeme wa jenereta unalisha mota zilizofungwa kwenye ekseli za magurudumu. Ugumu ulikuwa kwa dereva. Zamani alipaswa kulinganisha mwendo wa injini na mzigo wa jenereta kwa mikono yake. Akikosea, injini inazidiwa na kuzima. Hermann Lemp wa General Electric ndiye aliyebuni mfumo wa kujilinganisha wenyewe, dereva akabaki na mkono mmoja wa kuongeza na kupunguza nguvu. Makala yenu haikumtaja hata kwa herufi moja.

Najua mtanijibu kuwa mabehewa ya Hamilton yalianza kwa petroli. Kweli kabisa. Dizeli za wakati ule zilikuwa nzito mno kwa nguvu zilizotoa. Hapa ndipo General Motors inapostahili sifa: mwaka 1930 ilinunua Winton na Electro-Motive zote mbili, ikatoa fedha za kutengeneza dizeli nyepesi. Tarehe 26 Mei 1934 treni ya Zephyr ya kampuni ya reli ya Burlington, yenye injini ya Winton ya nguvu za farasi 600, ilitoka Denver hadi Chicago, zaidi ya kilomita 1,600, kwa saa 13 na dakika 5 bila kusimama njiani. Karakana ya Electro-Motive yenyewe, ya La Grange karibu na Chicago, ilikuja baada ya hapo.

Na kama mnamtafuta wa kwanza hasa, vukeni bahari. Wasweden walikuwa na behewa la dizeli na umeme kwenye reli ya abiria mwaka 1913, injini ya Atlas na umeme wa ASEA, nguvu za farasi 75 tu.

Picha mliyoiandikia “treni ya kwanza ya dizeli duniani” ni kichwa cha treni cha aina ya FT, cha mwaka 1939. Naomba maelezo yake yasahihishwe.

Fundi umeme mstaafu wa reli,
Morogoro