Kwa Somoe: kipimo cha p53 kwa watafuna tambuu

Mtwara

Somoe mpenzi,

Salamu nyingi. Umeuliza kama p53, protini inayozuia seli kugeuka saratani, itakuonyesha ni mtafuna tambuu yupi ambaye doa lake jeupe la shavuni litageuka saratani. Peke yake haiwezi. Kwanza husomwa umbo la seli kwa rangi za kawaida. Vipimo vya protini kama p53 hufuata pale msomaji wa maabara anapotilia shaka.

Nazo protini hazisomeki kama kipande cha nyama ulichokata shavuni kimeharibikia huko Lindi kabla hakijapanda basi la Dar es Salaam. Usikate katikati ya kidonda, pameoza; kata ukingoni upate na nyama yenye afya kidogo. Kitumbukize papo hapo kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhi nyama, ya asilimia 10: mililita 100 za fomalini kali, 900 za maji yaliyokenekwa, gramu 4 za fosfeti ya monosodiamu na 6.5 za fosfeti ya disodiamu. Bila chumvi hizo dawa huwa tindikali na kuacha chembe za kahawia iliyokoza, rangi ileile inayotafutwa kwenye kipimo cha protini! Dawa iwe mara kumi ya ujazo wa kipande. Friza hapana, barafu hupasua seli. Kikikaa wiki kadhaa kwenye fomalini, protini hujifunga na kingamwili ya maabara, inayozitia rangi, haizishiki vizuri.

Ki-67 ni protini nyingine, alama ya seli zinazogawanyika. Kwenye shavu lenye afya huonekana karibu na tabaka la chini tu. Ikipanda juu, tia wasiwasi. p53 huchanganya wengi. Viini vingi vya seli vilivyokolea kahawia huashiria jeni iliyoharibika, lakini kukosa rangi kabisa nako kwaweza kuashiria hivyohivyo, kwa kuwa protini haitengenezwi. Tazama seli za jirani zisizo za saratani: chache zionyeshe rangi hafifu. Zisipoonyesha, kipimo kimeshindwa, kirudiwe. p16, protini ya tatu, ikipimwa mdomoni mimi siipi uzito. Huashiria virusi vya HPV, viwezavyo kuleta saratani, vizuri zaidi kooni.

Tafadhali, kwenye fomu ya maabara usiandike "anatafuna" tu. Taja popoo, chokaa, tumbaku kama imo, shavu analowekea na miaka. Akisema hatii tumbaku, usimwondoe kwenye hatari: IARC, shirika la WHO la utafiti wa saratani, lilitangaza mwaka 2003 kwamba popoo yenyewe husababisha saratani. Pima pia kwa milimita mdomo unavyofunguka, kutoka jino la mbele la juu hadi la chini, kwani popoo hukaza shavu kwa nyuzi za kolajeni, na msomaji anahitaji kulijua hilo kabla hajaweka kioo kwenye hadubini.

Wako,
Asia